Ng'ombe Hurejea Zizini: Majibu kwa Wanaotetea Bunduki ya Sindano

Pembezoni mwa Dar es Salaam bado kuna ng'ombe. Wapo Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, wapo Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, na wapo Kigamboni, eneo lililokuwa sehemu ya Temeke kabla halijawa wilaya inayojitegemea. Baadhi yao ni ng'ombe wa maziwa wanaolishwa bandani. Wengine ni wa asili, wanaochungwa kwenye viwanja visivyojengwa bado, mabondeni, na kandokando ya mashamba ya minazi na mikorosho. Kwa hawa wanaochungwa kuna shida ambayo kila mfugaji anaijua: akiugua, nani atamshika?

Wapo wanaojibu kwamba hakuna haja ya kumshika. Wanasema iletwe bunduki ya sindano, ile ambayo watu wengi huijua kama bunduki ya usingizi. Bunduki hiyo hutumia hewa au gesi iliyoshindiliwa, au baruti kidogo, kurusha mshale wenye sindano. Mshale ukigonga mnyama, dawa iliyomo husukumwa mwilini mara moja. Picha za video kutoka Marekani huonyesha mfugaji akiwa ndani ya gari lake, analenga, anapiga, anaondoka. Kazi inaonekana kuisha kwa dakika moja, bila kamba, bila vumbi, bila mtu kupigwa teke.

Nimezisikiliza hoja za wanaoitaka bunduki hiyo, na sizidharau, kwa sababu zinatokana na shida ya kweli. Lakini nimeona heri kuzijibu moja baada ya nyingine. Msimamo wangu nautaja mapema: kwa ng'ombe wa Bunju, Chamazi au Kigamboni, bunduki ya sindano si njia ya kutibu. Inapunguza dawa inayomfikia mnyama, inaficha ugonjwa wenyewe, na inaongeza hatari kwa watu wanaoishi karibu naye.

Hoja ya kwanza: "Ng'ombe wa malishoni hakamatiki, bunduki ndiyo njia pekee."

Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ng'ombe wetu wangelala malishoni. Kwenye mashamba makubwa ya magharibi ya Marekani na Kanada, ng'ombe wa nyama huweza kukaa kwenye nyasi kwa miezi, wametawanyika juu ya eneo ambalo mtu hulizunguka kwa gari au farasi. Kumrudisha mgonjwa mmoja hadi zizini ni kazi ya nusu siku. Hapo ndipo wazo la kumdunga kwa mbali lilipopata wafuasi.

Kwetu ng'ombe hutoka asubuhi na kurudi jioni. Anachungwa na mtu anayemjua kwa rangi, kwa pembe na kwa tabia. Wahenga walisema ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini, na katika jambo hili maneno yao ni maelekezo ya tiba. Saa ya kumtibu ni ile anapokuwa zizini, jioni au alfajiri kabla hajafunguliwa, si saa sita mchana akiwa katikati ya nyasi.

Zizini kuna njia nyingi za kumshika, na zimethibitika kwa miaka mingi. Ng'ombe mpole hushikwa kwa kamba ya kichwani na kufungwa karibu na nguzo imara. Mkaidi kidogo hushikwa puani kwa vidole au kwa koleo la pua, na wengi hutulia papo hapo. Aliye mkali zaidi hulazwa kwa kamba moja ndefu. Kamba hufungwa shingoni kwa fundo lisilokaza, kisha huzungushwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele na tena kiunoni mbele ya kiwele. Watu wawili huivuta taratibu kuelekea nyuma, na ng'ombe hukunja miguu na kulala bila kupigwa wala kuangushwa. Palipo na kibanio, yaani njia nyembamba ya mbao au mabomba inayomruhusu ng'ombe kuingia lakini si kugeuka, mtu mmoja hufanya kazi ya watu watano.

Kwa ng'ombe wa maziwa anayelishwa ndani, hoja hii haina pa kusimama kabisa. Mnyama anayekamuliwa asubuhi na jioni huguswa kiweleni mara mbili kwa siku. Hakuna kinachozuia adungwe sindano kwa mkono.

Hoja ya pili: "Dawa ni dawa, iingie kwa mkono au kwa bunduki."

Hapa hesabu ndiyo inayojibu. Chukua ng'ombe wa asili mwenye uzito wa kilo 300, na antibayotiki inayojulikana kwa kila mfugaji, OTC (oxytetracycline) ya asilimia 20. Kipimo chake cha kawaida ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Ng'ombe huyo anahitaji mililita 30, na maelekezo ya dawa hutaka zigawanywe sehemu zaidi ya moja ya mwili, kwa sababu dawa nyingi ikirundikana mahali pamoja huumiza nyama na hufyonzwa vibaya. Mishale mikubwa inayotumika kwa ng'ombe hubeba takribani mililita 10. Kwa hiyo ng'ombe mmoja atapigwa mara tatu, na baada ya mshale wa kwanza hatasimama kungoja wa pili.

Butalex, dawa ya ndigana kali inayoletwa na kupe, hutolewa mililita 1 kwa kila kilo 20. Ng'ombe yule yule anahitaji mililita 15, yaani mishale miwili ya dawa ambayo kila mfugaji anajua bei yake ilivyo kubwa. Penistrep, antibayotiki nyingine, hurudiwa kwa siku kadhaa mfululizo, kwa hiyo ng'ombe atawindwa leo, kesho na keshokutwa. Ivermectin, dawa ya minyoo, kiasi chake kingetosha ndani ya mshale mmoja, lakini hiyo huwekwa chini ya ngozi, na mshale hauchagui. Ukitoka na kasi hiyo, huzama kwenye nyama.

Wafugaji wa Marekani wanaotumia bunduki hizi hupendelea dawa za bei kubwa zinazotolewa kwa kiasi kidogo na mara moja tu, kama tulathromycin. Hata dawa hiyo ilipopimwa, matokeo hayakuwa mazuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa walilinganisha ndama waliodungwa chini ya ngozi kwa mkono na wale waliopigwa mishale, na mwaka 2018 walichapisha walichokiona. Waliopigwa mishale walikuwa na dawa kidogo zaidi mwilini, na walionyesha dalili zaidi za msongo na za kuumia pale sindano ilipoingia. Baadhi ya mishale haikutoa kipimo chote kilichokusudiwa.

Mfugaji aliyesimama mita 20 kutoka kwa ng'ombe hawezi kujua mshale umemwaga dawa yote, nusu, au umeidondosha kwenye nyasi. Ng'ombe asipopona, atasema dawa ni mbovu na ataongeza nyingine. Dawa pungufu haiui vijidudu vyote, na vile vinavyobaki hujifunza kuihimili. Usugu wa vijidudu dhidi ya antibayotiki haukai kwenye zizi la mtu mmoja. Huhama kwa mnyama, kwa samadi na kwa maji, hadi kwa mgonjwa wa hospitali ambaye hajawahi kumiliki ng'ombe.

Hoja ya tatu: "Ng'ombe haumii, ngozi yake ni ngumu."

Sindano ya mkono huingia kwa upole kwenye shingo, na dawa husukumwa polepole. Mshale hufika kwa kasi inayotosha kupita ngozi ngumu, kisha dawa husukumwa yote kwa mara moja na kwa nguvu. Nyama iliyopo huchanika kidogo, hujaa damu na huvimba. Mpigaji akikosea, mshale hugonga mbavu, nundu, mguu au jicho.

Mahali panapofaa kudungwa ng'ombe ni shingo. Wamarekani walijifunza hilo kwa hasara. Ukaguzi wao wa kitaifa wa ubora wa nyama ulioanza mwaka 1991 ulionyesha jinsi majeraha ya sindano yalivyoharibu nyama ya makalio, na wafugaji wakahimizwa kuhamia shingoni. Shingo, hata hivyo, ndiyo sehemu inayotikisika kuliko zote ng'ombe anapokula au kufukuza nzi. Mpigaji hushawishika kulenga paja na makalio, ambako kuna nyama ya bei nzuri na mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu. Sindano ikivunjikia humo, itakutwa na mchinjaji au na mlaji.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na msingi wake ni kwamba mnyama asitiwe maumivu yanayoweza kuepukika. Pale ambapo ng'ombe angeweza kushikwa kwa kamba na kudungwa shingoni kwa utulivu, maumivu ya mshale yanaepukika.

Hoja ya nne: "Mfugaji mzoefu humtambua mgonjwa kwa mbali."

Kumtambua kwamba anaumwa, ndiyo. Masikio yameinama, anabaki nyuma ya kundi, hacheui, manyoya yamesimama. Mchungaji hodari huona hayo kabla ya mtaalamu yeyote, na macho yake ni mali kubwa. Lakini kujua anaumwa nini ni jambo jingine, na ndilo linaloamua dawa.

Ukanda wetu wa pwani una joto na unyevu, na kupe hawakosekani. Ng'ombe mwenye homa anaweza kuwa na ndigana kali, ambayo huvimbisha tezi za chini ya sikio na mbele ya bega na mwishoni hujaza mapafu maji. Anaweza kuwa na ndigana baridi, ambayo humkausha kinyesi na kummaliza damu, na ufizi na macho hupauka au huwa ya manjano. Anaweza kuwa na ugonjwa wa kukojoa damu, unaoletwa pia na kupe. Au anaweza kuwa na nagana ya mbung'o, anakonda wiki hadi wiki huku anakula. Butalex haitibu ndigana baridi. Berenil hutibu nagana na ugonjwa wa kukojoa damu, lakini haimsaidii mwenye ndigana kali. OTC husaidia ndigana baridi, na peke yake haitegemewi kuponya ndigana kali iliyokwisha kukolea.

Kuzitenganisha kunahitaji mikono. Kipimajoto kiingie, kwa sababu joto la kawaida la ng'ombe ni takribani nyuzi 38.5 na likivuka 39.5 kuna jambo. Tezi ziguswe. Kope zifunuliwe. Kiwele kikamuliwe kidogo kuona kama maziwa yana mabonge. Tone la damu lichukuliwe sikioni na lipakwe kwenye kioo. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, una makao yake hapo hapo Temeke. Mfugaji wa Mbagala au Kigamboni yuko karibu na hadubini kuliko wafugaji wengi wa nchi hii. Kuiacha fursa hiyo na kufyatua dawa ya kubahatisha ni kujinyima kilichopo mlangoni.

Bunduki humruhusu mtu aruke hatua hii yote. Wanaoitetea huona hiyo ndiyo faida yake. Mimi naona ndiyo kasoro yake kubwa kuliko zote. Kumshika ng'ombe ni sehemu ya tiba, kwa sababu mkono unaomshika ndio unaogundua.

Hoja ya tano: "Kama inawafaa tembo na faru, itashindwaje kwa ng'ombe?"

Afrika Mashariki ina historia ndefu na bunduki hizi, na ni historia ya heshima. Katika miaka ya 1950 na 1960, daktari wa wanyama Toni Harthoorn alifanya kazi Kenya na Uganda akitafuta jinsi ya kuwalaza wanyama pori bila kuwaua. Kazi hiyo iliwezesha faru kuhamishwa kutoka maeneo ya hatari, na yeye mwenyewe aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1970, The Flying Syringe. Hadi leo madaktari wa wanyamapori nchini Tanzania hutumia bunduki hizo kumvalisha tembo mkanda wa kumfuatilia au kumtoa mnyama kwenye mtego wa waya.

Lakini angalia kilichomo ndani ya mshale wa tembo. Ni dawa kali ya usingizi, kama etofini, yenye nguvu zaidi ya mara elfu moja kuliko mofini. Mililita chache humlaza tembo mzima, na ndiyo sababu mshale mdogo unatosha. OTC haijatengenezwa hivyo. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji mililita 30 za dawa hiyo, na tembo mwenye uzito wa zaidi ya mara kumi anaweza kulala kwa mililita mbili za etofini. Chombo kilichobuniwa kubeba matone ya sumu kali kinaombwa kibebe chupa.

Tena tembo anapigwa mshale kwa sababu hakuna njia nyingine ya kumkaribia. Timu nzima ya wataalamu husimama tayari, na dawa ya kumwamsha iko mkononi, pamoja na ya kumwokoa mtu endapo ajali itatokea.

Wengine husema basi ng'ombe alazwe usingizi kwanza kwa mshale, kisha adungwe dawa kwa mkono. Hilo nalo lina hatari zake. Ng'ombe huathirika upesi sana na xylazine: kipimo chake ni takribani sehemu ya kumi ya kile cha farasi. Akilala na tumbo limejaa, gesi humjaa, na cheuo kinaweza kurudi kooni na kuingia mapafuni. Mwenye mimba kubwa anaweza kuitoa. Ng'ombe aliyedhoofishwa tayari na ndigana hahitaji mzigo wa pili.

Hoja ya sita: "Wamarekani wanafanya, nasi tunaweza."

Ni kweli wapo wanaofanya. Ni kweli pia kwamba mpango wa ubora wa nyama wa wafugaji wa huko huko huwahimiza kuichukulia mishale kama njia ya mwisho, pale ambapo mnyama hawezi kabisa kufikishwa kwenye kibanio, na kwa ushauri wa daktari wao wa mifugo. Tangu Juni 2023, mfugaji wa Marekani hawezi kununua antibayotiki zenye umuhimu kwa tiba ya binadamu kwa ajili ya mifugo yake bila cheti cha daktari. Video ya dakika moja haionyeshi cheti hicho, wala haionyeshi daftari linaloandikwa namba ya ng'ombe, dawa, tarehe na siku za kusubiri kabla ya kuuza.

Ziko pia dawa ambazo huko zimekatazwa wazi kutumiwa kwa namna hiyo. Tilmicosin ni mojawapo. Ikimwingia mtu huweza kuusimamisha moyo wake, na imekwisha kuua watu. Maelekezo yake yanakataza isiwekwe kwenye bomba lolote la sindano linalojisukuma lenyewe. Tukiiga, tuige na makatazo.

Hoja ya saba: "Maziwa na nyama havidhuriki."

Kila antibayotiki ina siku za kusubiri, na zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Kwa OTC ya muda mrefu, maziwa hungoja siku kadhaa na nyama hungoja wiki kadhaa. Ivermectin ya sindano haistahili kabisa kupewa ng'ombe anayekamuliwa maziwa ya kuuza. Siku hizo huhesabiwa kwa kudhani kwamba dawa imeingia kwa kipimo sahihi, mahali sahihi, kwa ng'ombe anayejulikana. Mshale huvuruga yote matatu. Dawa iliyorundikana kwenye nyama iliyochanika hutoka kwa mwendo ambao kibandiko hakikuuhesabu. Na kwenye kundi la ng'ombe wa rangi moja, baada ya siku tatu nani atakumbuka aliyepigwa ni yupi?

Tatizo la mabaki ya dawa lipo hata bila bunduki. Utafiti wa maziwa yaliyokuwa sokoni Dar es Salaam na Mwanza, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta zaidi ya theluthi moja ya sampuli zina dalili za mabaki ya antibayotiki. Kuchemsha maziwa huua vijidudu, lakini hakutegemewi kuondoa mabaki ya dawa. Mama anayegandisha mtindi hujua bila maabara: maziwa yenye antibayotiki hukataa kuganda, kwa sababu dawa inaua bakteria wanaoyagandisha. Mtoto mwenye mzio wa penisilini hana namna ya kujua hadi ayanywe.

Nyama nayo ina safari fupi. Ng'ombe wa Chanika au Chamazi akionekana hapati nafuu, mwenyewe hushawishika kumpeleka mnada wa Pugu, na kutoka huko machinjio ya Vingunguti hayako mbali. Mkaguzi wa machinjioni huona jeraha na jipu, lakini haoni kwa macho dawa iliyoyeyuka ndani ya nyama. Ulinzi wa mlaji unaanzia kwa mfugaji anayejua amempa nani nini, na lini.

Hoja ya nane: "Si silaha, ni kifaa cha tiba."

Kitu kinachorusha sindano kwa kasi ya kutoboa ngozi ya ng'ombe kinaweza kutoboa ngozi ya mtu. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na anayefikiria kuingiza bunduki ya aina yoyote nchini aanzie polisi, si kwa wakala wa mizigo. Askari akimkuta mtu na bunduki kichakani Mabwepande, hataanza kwa kumuuliza habari za ndigana.

Wala malisho yetu si mbuga tupu. Kiwanja kinachochungiwa ng'ombe asubuhi ndicho kinachochezewa mpira jioni. Njia ya shule inapita katikati, mama anakata kuni pembeni, bodaboda anakatiza. Mshale uliokosa shabaha hubaki kwenye nyasi ukiwa na sindano na dawa yake, na rangi zake angavu humwita mtoto auokote. Mshale uliompata ng'ombe huweza kudondoka popote katika njia yake.

Kuna pia barabara. Ng'ombe akigongwa na mshale huruka, na kundi lote hukimbia naye. Bunju na Boko ziko kwenye barabara ya Bagamoyo, Mbagala na Kongowe ziko kwenye barabara ya Kilwa. Kundi lililoshtuka likiingia mbele ya daladala au lori la mchanga, hasara haitakuwa ya ng'ombe peke yao.

Hoja ya tisa: "Ni nafuu kuliko kumwita mtaalamu."

Ihesabiwe yote. Kuna bunduki yenyewe, inayoagizwa nje. Kuna mishale, ambayo mingi hutumika mara moja na kutupwa. Kuna gesi au baruti yake, kuna dawa inayomwagika chini, kuna kurudia tiba kwa ng'ombe aliyepata nusu kipimo, na kuna maziwa yanayopaswa kumwagwa. Upande wa pili kuna kamba nzuri, ambayo hudumu miaka, na kuna kibanio. Nguzo za mbao ngumu na mabomba chakavu hujenga kibanio cha kuhudumia mtaa mzima, na wafugaji kumi wakichangiana, mzigo wa kila mmoja unakuwa mdogo.

Kibanio hakitumiki kwa sindano tu. Hapo ndipo ng'ombe hunyunyiziwa dawa ya kupe, hupimwa mimba, hukatwa kwato, huchanjwa. Mwaka 2025 serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na hereni ya utambulisho haivalishwi kwa bunduki. Chanjo ya ndigana kali, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Muguga nchini Kenya na kutumika sana kwa ng'ombe wa Wamaasai kaskazini mwa Tanzania, hutolewa chini ya ngozi karibu na sikio, sambamba na sindano ya OTC iliyopimwa kwa uzito wa mnyama. Ni kazi ya mkono mwanzo hadi mwisho.

Ama kuhusu mtaalamu, Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imeweka nani anaruhusiwa kutoa huduma hiyo na chini ya usimamizi gani. Malalamiko ya wafugaji kwamba afisa mifugo ni mmoja na kata ni kubwa, au kwamba anapigiwa simu leo na kufika kesho, ni ya haki. Lakini dawa ya upungufu wa wataalamu ni kuongeza wataalamu na kuwarahisishia kazi. Afisa anayewakuta ng'ombe kumi wa wafugaji watano wamekusanywa kwenye kibanio kimoja atawahudumia wote kabla ya saa nne asubuhi. Anayelazimika kumfukuza mmoja mmoja vichakani hatarudi tena.

Je, haina kazi kabisa?

Ina kazi. Fahali aliyechoropoka mnadani na kuingia mitaani huku akijeruhi watu, au ng'ombe aliyekwama bondeni ambaye kila anayemsogelea anapigwa pembe, anaweza kuhitaji kulazwa kwa mbali. Hiyo ni dharura, na anayestahili kushika bunduki hiyo ni daktari wa mifugo aliyesajiliwa, mwenye kibali, akiwa na polisi karibu na watu wameondolewa. Mnyama huyo akikwisha kudhibitiwa, tiba yake inayofuata ni ya kamba na mkono kama ya wengine.

Kwa mfugaji ninayemwandikia, yapo mambo anayoweza kuanza nayo wiki hii bila kungoja mtu. Wazoeshe ndama kamba tangu wakiwa wadogo, kwa sababu ng'ombe asiyekamatika ni ndama ambaye hakuzoeshwa. Wape pumba au chumvi mahali pamoja kila jioni, ili waje wenyewe. Nyunyizia kupe kwa ratiba, maana magonjwa mengi niliyoyataja yanaletwa nao. Nunua kipimajoto. Andika kwenye daftari kila dawa, tarehe yake na siku ya kuruhusu maziwa. Usiuze maziwa wala ng'ombe kabla siku hazijatimia.

Kwa serikali za mitaa na kata za pembezoni, ombi langu ni moja: kabla mtu hajaomba kibali cha bunduki, mpeni kibanio. Tengeni eneo, wakusanyeni wafugaji, na mpangieni afisa mifugo siku maalumu ya kufika. Ng'ombe anarejea zizini kila jioni, na tiba yake imngoje hapo.